Wodi Imeteremka

Kabla sijaanza kumsema mtu, niseme kwanza kwamba hadithi za mikasa za vijana si kazi ya maana. Nimeandika tatu, najua. Unachukua watoto watatu, unawatoa kwao bila ya mzazi kuuliza wanakwenda wapi, unawapeleka penye pango, na ndani ya pango unaweka wezi wajinga kuliko watoto. Wezi wanazungumza mipango yao yote kwa sauti kubwa, mpaka saa ya kukutana na rangi ya gari. Watoto wamejificha nyuma ya jiwe wanasikia. Mmoja anapiga chafya. Ukishafika hapo hadithi inajiandika yenyewe, kazi yako ni kushika kalamu tu isianguke.

Mchapishaji wangu alikuwa Dar es Salaam. Mie nilikuwa Maskati, nafanya tarjama katika wizara moja, na naandika Alkhamisi na Ijumaa, ambazo ndizo zilizokuwa siku zetu za mapumziko. Kabla ya kitabu cha kwanza waliniletea karatasi ya maelekezo. Wahusika wawe watatu. Mmoja awe msichana. Kuwe na mbwa mwaminifu. Mbwa! Mie nimezaliwa Unguja, nyumba ya watu wa sala, mbwa nikimwona navuka njia. Nikaweka mbuzi. Kitabu kilipotoka, mbuzi wangu kageuzwa mbwa, lakini mhariri kasahau kumbadilishia chakula, basi ukurasa wa thelathini yuko mbwa anatafuna majani ya mpapai. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kulalamika, na hapo ndipo nilipojua kama hakuna aliyesoma.

Mhariri huyo sikupata kumwona kwa macho. Nilimjua kwa barua. Alikuwa akianza "Ndugu Mwandishi," akimaliza "Wako katika ujenzi wa taifa," na baina ya hapo na hapo ananisahihisha. Nikiandika nnataka, anaweka ninataka. Nikiandika skuli, anaweka shule. Kumbe mie nilikuja duniani kuharibu Kiswahili, na yeye kaletwa anitengeneze. Kitabu cha pili nilikifungua kikanipandisha presha, nikaapa kwamba cha tatu kikija sitokifungua kamwe, nitakiweka kabatini kama kilivyo. Nilidhani hicho ni kiapo cha mtu mwenye akili.

Sasa mwanangu. Nilikuwa na binti mmoja, kazaliwa hapa hapa, na wakati ninaousema, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa na miaka kumi na mbili. Tulikuwa ndio kwanza tumehamia Mabela, pembezoni mwa Maskati, nyumba mpya, nje mchanga mtupu, lami bado haijafika. Kiswahili anakisema, tena kizuri, lakini kidogo kidogo kilikuwa kinamtoka. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiarabu. Kusoma ndio kabisa. Skuli kafundishwa kusoma Kiarabu, na Kiingereza kidogo. Kiswahili hakuna aliyemfundisha, kwa sababu kila mtu alidhani yuko mwengine anayemfundisha. Mie naandika vitabu vya watoto kwa lugha ambayo mtoto wangu mwenyewe hawezi kuisoma. Hebu niambie, kuna aibu kubwa kuliko hiyo?

Mume wangu ilikuwa inamchekesha. Watu wake walitoka Bara, upande wa Tabora, na Kiswahili chake ni cha dukani, cha kuuzia vitambaa. "Unamwandikia nani hasa?" akiniuliza. "Yule mbwa?"

Na ndugu zangu nao, kila mmoja na busara yake. Andika Kiarabu, wananambia, utasomwa na dunia nzima. Watu hao hawajapata kusoma kitabu kwa lugha yoyote, wanasoma bei tu.

Mie nilikuwa nataka kitu kimoja, na nakisema wazi wazi: mwanangu asome kitabu changu kimoja kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho. Sikutaka tunzo, sikutaka kutajwa popote. Nilijua akifika mwisho wa kimoja, lugha imeshakaa, haitoki tena. Nikampa kile cha kwanza. Akababaika na mistari miwili, akakirejesha.

"Mama, hawa wanakimbizana na wezi wa pembe za tembo. Mie tembo sijapata kumwona. Mbona huandiki ya hapa?"

"Nikiandika ya hapa utasoma?"

"Ntasoma."

"Mpaka mwisho?"

"Wallahi mpaka mwisho."

Neno hilo lilinitosha. Nikaandika ya hapa. Watoto watatu wa Mabela, wawili ndugu na mmoja jirani, wanawafuata wezi wa majambia ya fedha mpaka Al Khoudh, ndani ya wadi. Wadi, kwa asiyejua, ni njia ya maji baina ya milima, kavu karibu mwaka mzima, mawe na mikunazi na mbuzi. Watu wanapita na gari, wanakaa, wanakula. Lakini mvua ikinyesha huko juu, hata kama pale ulipo jua linawaka, maji yanakuja kwa mkupuo na yanabeba magari na waliomo. Hapo kila mtu anapiga ukelele, "Wadi limeteremka!" Mtoto wa hapa analijua neno hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Mie mwenyewe nilipofika kutoka Unguja sikuwa nikilijua, na jambo hilo nilikuwa nimeshalisahau.

Sura ya tisa niliiandika kwa ajili ya wadi tu, na niliiandika na mwanangu. Nilimpeleka Al Khoudh Ijumaa moja, tukakaa kwenye changarawe na chupa ya chai. Nikamwambia nitaandika kwamba watoto wanaona ukuta wa maji unakuja. Akanicheka. "Mama, huoni kwanza. Unasikia kwanza. Kama lori, halafu huoni lori." Nikaandika hivyo hivyo, mngurumo wa lori na hakuna lori. Alipanda juu ya jiwe kubwa akanionyesha pahala ambapo watoto watasimama. Alikuwa anasema Kiswahili saa mbili nzima na mwenyewe hajui kama anakisema.

Mswada ukaenda. Baada ya muda ikaja barua. "Ndugu Mwandishi, maneno yafuatayo hayamo katika kamusi yetu. Tafadhali yaeleze." Chini yake orodha, ukurasa mzima. La kwanza tungule, ambazo huko kwao wanaziita nyanya. La pili chooko, choroko zao. Mtume! Mtu mzima, msomi, mhariri wa vitabu, hajui tungule! Anangoja mie nikae nimweleze tungule ni kitu gani, labda nimchoree. Orodha sikuifikisha chini. Nikasimama pale pale posta ya Sib, penye kaunta, nikamwandikia jibu la mstari mmoja: "Bwana Mhariri, weye ndiye msomi, sie wengine tunabahatisha tu. Andika ujuavyo."

Mtu wa Unguja ukimwandikia hivyo anajua katiwa kofi. Siku tatu chakula hakimpiti. Nilibandika stempu nimefurahi, nikaenda sokoni nikanunua samaki, na njiani ndani ya gari nikawa nairudia kwa sauti, andika ujuavyo, nacheka peke yangu.

Hakujibu. Nikasema, kafahamu.

Vitabu vilikuja ndani ya boksi na jamaa aliyekuwa anarudi safari, pamoja na unga wa muhogo na pweza mkavu, kwa hivyo vilikuwa vinanuka pweza. Kiapo changu kiko pale pale, sikufungua hata kimoja. Mwanangu nikampa chake. Akakinusa, akakunja uso, akakifunua funua. "Mama, mbona kuna picha ya nesi?" Nikakumbuka kwamba yule mtoto wa jirani anavunjika mkono karibu na mwisho. Nikamwambia, "Soma, utamjua."

Na akasoma. Nataka ieleweke kwamba alisoma kweli. Kila asubuhi ya Alkhamisi nikiwa jikoni alikuwa anakuja na kitabu chake, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Mwanzo alikuwa anazitamka herufi Kiingereza. Nikamwambia mara moja tu kwamba Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, amini jicho lako, soma unachokiona. Baada ya hapo nikajizuia. Wanaonijua wanajua kazi hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani. Nna ulimi mkali, na mtu akikosea mbele yangu unaniwasha. Lakini alisema n-gombe, nikanyamaza nikakanda unga. Akakata neno katikati, nikakanda unga. Sura moja kila wiki. Kufika ya tano alikuwa hapotei mstari. Kufika ya saba alicheka penye kichekesho kabla mie sijacheka, na hapo nikamgeuzia mgongo nikajifanya natafuta chumvi. Nilikuwa nna furaha ya kijinga, sioni haya kuisema.

Ikafika ya tisa. Mikono yangu imo kwenye unga wa maandazi, na yeye anasoma, karibu bila kusita. Watoto wamelala kifudifudi. Wezi wako ng'ambo. Mngurumo wa lori, na hakuna lori. Aliposoma pale aliniangalia akatabasamu, maana pale ni pake. Kisha akavuta pumzi.

"'Wodi imeteremka! Kimbieni!'"

"Nini?" nikasema.

"Wodi imeteremka."

"Soma tena!"

Akarudi nyuma, kidole juu ya neno. "Wo-di. I-me-te-re-mka."

Nikapiga ukelele, kicheko na hasira pamoja. "Wodi! Ati wodi imeteremka! Lahaula, punguani mkubwa! Hajui kitu, hajui kabisa! Mtu kama hajui Kiswahili, kaambiwa na nani ashike kitabu?" Nikamnyang'anya kitabu nikakikodolea macho, na kiapo kikafa hapo. Wodi kila mahali. Wodi ya hospitali, wanamolazwa wagonjwa! Watoto wanalala wodini juu ya changarawe. Mbuzi wanakula kunazi wodini. Na kwa kuwa mhariri ni mtu makini, kasahihisha mpaka sarufi: mie niliandika wadi limeteremka, yeye kaweka wodi imeteremka, ngeli isije ikaharibika. Pahala pamoja kaona nimesahau kusema wodi ya nini, akanisaidia, akaongeza "ya wanaume." Gari la wezi likavuka wodi ya wanaume kwa kasi, likirusha mawe. Na ukurasa unaofuata ndipo alipo nesi wetu, kanyanyua mikono juu, na nyuma yake vitanda vya magurudumu vinashuka mlimani.

Nikakitupa mezani, nikaenda kwenye simu na mikono yangu ya unga. Kuipata Dar es Salaam siku zile ilikuwa shughuli. Nikapiga, ikakatika, nikapiga, mpaka nikampata mwenyewe. Sauti ya upole, ya mtu mzima. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Samahani sana, mama," akasema. "Lakini nilikuuliza. Wadi lilikuwa neno la mwisho kwenye orodha. Ukanijibu kwamba niandike nijuavyo. Nilishukuru sana. Waandishi wengi huwa hawatuamini. Barua yako nimeibandika hapa ukutani."

Kaibandika ukutani! Kofi langu kalipokea kama shahada, anawaonyesha wenzake. Nikakiweka kipokea sauti chini. Mtu utamtukanaje ambaye hajui kama katukanwa?

Niliporudi jikoni mtoto hayupo. Kitabu kiko mezani, kimefungwa. Alikuwa sebuleni, mbele ya televisheni, anatazama katuni za Kiarabu. Nikamwambia njoo, njoo nikusomee mwenyewe, usikie ilivyo hasa. Hakugeuka.

"Khalas, mama. Ma abgha."

Basi, sitaki. Alkhamisi iliyofuata hakuja jikoni, na iliyofuata hakuja. Nikasema mtoto ana akili zake, kaona upuuzi, kachoka, nani atamlaumu? Nikamlaumu mhariri. Nilimlaumu miaka na miaka, asubuhi na jioni, na cha nne sikuandika.

Lakini hadithi ya wodi niliisimulia. Hakuna kitabu changu kilichopata watu kama hadithi hiyo. Niliisimulia harusini, niliisimulia wizarani, na hata msibani siku ya tatu, watu wakishalegea. Nilikuwa naiga ile sauti ya upole, "waandishi wengi huwa hawatuamini," wanawake wanajishika mbavu. Kila mwaka nilimuongezea mhariri ujinga kidogo, mpaka mwisho akawa hajui hata mlima.

Mwanangu akakua, akasoma chuo kikuu, akaolewa, na miaka ya elfu mbili ilipokwishaingia vizuri wakajenga yeye na mumewe, Al Khoudh. Siku moja alasiri alikuwa na wageni, wanawake saba wanane, wengine watu wetu wa Unguja, wengine wa Bara, na yeye anapitisha kahawa. Mgeni mmoja akanambia, "Bibi, hebu tupe ile ya wodi." Nikawapa. Siku hiyo nilikuwa na hali nzuri, niliwapa na nesi, na mbuzi, na wodi ya wanaume. Mmoja ilibidi apokewe kikombe asikimwage. Mwanangu kasimama na birika mkononi, hakucheka. Sikutia maanani, keshaisikia mara mia.

Walipoondoka nikamfuata jikoni tuoshe vikombe. Alisema nami Kiswahili, na hilo peke yake lilinishtua, kwani mie na yeye siku hizo tulikuwa tunasemezana Kiarabu tu.

"Mama, hadithi ile usiisimulie kwangu tena."

"Kwa nini? Mbona inachekesha."

"Hainichekeshi. Ulinicheka mie."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Nlimcheka mhariri!"

"Ulinisomesha mara mbili, ukapiga ukelele. Ukasema mtu kama hajui Kiswahili kaambiwa na nani ashike kitabu. Kisha ukaninyang'anya."

"Si weye! Nlikuwa namsema yeye! Weye ulisoma sawasawa, ulisoma kama kilivyoandikwa!"

"Nnajua. Nimekuja kujua nilipokuwa mkubwa, nikikusikia unawasimulia watu." Hakuwa na hasira hata kidogo, na bora angalikuwa nayo. "Lakini siku ile hukunambia. Ulikwenda kwenye simu. Mie nikakaa nikangoja. Uliporudi ukanambia njoo nikusomee mwenyewe. Nikasema basi, kweli, mie sijui."

Akafungua maji akaanza kuosha. Mie niliyekuwa na jibu la kila mtu, wa posta, wa wizarani, wa Dar es Salaam, nilichukua kitambaa nikafuta kikombe kilichokwishakauka. Nilikuwa nataka kumpa kitu, chochote, na nilichokipata ni kimoja tu, mwisho wa ile sura ya tisa ambao hakuufikia.

"Walitoka, mwanangu," nikamwambia. "Wote watatu. Walipanda juu ya lile jiwe, maji yakapita chini yao, wakatoka."

Akanitazama, kikombe mkononi, maji yanakwenda.

"Kina nani?"